Haki ya mfanyakazi mhamiaji kuishi na familia yake

WAKENYA wengi huondoka nchini kwenda kufanya kazi ng'ambo, hasa katika nchi za Ghuba na Uingereza. Swali ambalo aghalabu huulizwa baada ya viza kupatikana ni hili: je, mume, mke au watoto wanaweza kumfuata mfanyakazi huyo?

Sheria ya kimataifa hulijibu kwa tahadhari. Azimio la Ulimwengu kuhusu Haki za Binadamu la 1948, katika kifungu cha 16, linatambua familia kuwa msingi wa jamii unaostahili kulindwa na serikali. Hata hivyo, halisemi familia hiyo iishi nchi gani, na hapo ndipo ubishi huanzia.

Mkataba unaolizungumzia suala hili waziwazi ni ule wa Umoja wa Mataifa wa kulinda haki za wafanyakazi wahamiaji na jamaa zao, uliopitishwa Desemba 18, 1990 na kuanza kutumika Julai 1, 2003. Kifungu cha 44 kinazitaka nchi wanachama kurahisisha kuungana kwa mhamiaji na mwenzi wake pamoja na watoto wadogo wanaomtegemea. Lakini kila nchi huchukua hatua ambazo yenyewe inaona zinafaa, nao wanaonufaika ni wenye vibali halali pekee. Aliyeingia kwa njia za panya hana lake katika kifungu hicho.

Uganda iliuridhia mkataba huo 1995 na Rwanda 2008. Kenya haijauridhia, wala Uingereza, wala nchi yoyote ya Ghuba. Yaani wanaopeleka wafanyakazi na wanaowapokea wote wako nje ya mkataba.

Kwa maoni yetu, silaha iliyo bora zaidi ni Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao nchi hizo zote zimeuridhia. Kifungu cha 10 kinaagiza kwamba ombi la mtoto au mzazi la kuingia nchini ili kuungana na familia lishughulikiwe kwa nia njema, kwa utu na kwa haraka.

Huko Ulaya, wanawake watatu waliokuwa wakiishi Uingereza kihalali walishtaki kwa kunyimwa ruhusa ya kuungana na waume zao. Mnamo 1985 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba nchi hailazimiki kuheshimu mahali wanandoa wanapochagua kuishi. Iliona, hata hivyo, kuwa wanawake hao walibaguliwa, kwani wanaume waliwaleta wake zao kwa urahisi zaidi. Uingereza ikaleta usawa kwa kuwabania wanaume pia!

Nchi hiyo hiyo ilipiga marufuku, kuanzia Machi 11, 2024, wahudumu wapya wa wazee na wagonjwa kuandamana na familia zao. Waliokwisha kupata viza ya kazi hiyo kabla ya siku hiyo hawakuguswa na marufuku hayo.