Hiyo Sebule Yako ya Kipwani Ilipambwa na Upepo

Nimeona hii kitu mara nyingi sana mwaka huu hadi nikaamua wacha niandike. Mtu anahamia keja mpya Ruaka, anapaka kuta nyeupe, ananunua taa mbili za shaba na mito ya bluu, anatandika mkeka, halafu anapost: "nimefanya mtindo wa Pwani". Disemba ikifika anatoa mito ya bluu anaweka myekundu, na mtindo wa Pwani umeisha hapo.

Sina shida na kuta nyeupe, zinapendeza. Shida yangu ni kwamba tunabeba picha tunaacha hadithi, na kwa hii nyumba ya Pwani hadithi ndiyo tamu zaidi. Nyumba yenyewe ilikuwa inafuata misimu kuliko hata sisi na mito yetu.

Anza na upepo. Kutoka kama Disemba hadi Machi, pwani yetu inavuma kaskazi, upepo unaotoka kaskazini mashariki. Huo ndio ulikuwa unaleta majahazi kutoka Uarabuni, Uajemi na India. Halafu kuna kipindi cha malelezi, bahari inatulia, kisha kusi inaanza karibu Aprili na kuyarudisha majahazi makwao. Hakukuwa na njia ya kuharakisha. Ukitaka zulia, sahani ya kaure au kitambaa kizuri, unangoja kaskazi. Kwa hivyo nyumba ya mfanyabiashara wa Lamu ilikuwa inabadilika sura mara moja kwa mwaka, wakati bandari imejaa. Hiyo ndiyo ninaita kupamba kwa msimu.

Na upepo haukuleta mapambo peke yake. Ulichora hadi ramani ya chumba. Ukiingia nyumba ya zamani ya mawe pale Lamu, nyingi zikiwa za karne ya 18, utashangaa vyumba ni virefu lakini vyembamba, upana kama mita 2.5 hadi 3 hivi. Si fundi alikuwa na roho ndogo. Dari inashikiliwa na boriti za mikoko, na mkoko una kipimo chake: ukizidisha upana, boriti haifiki ukuta wa pili au inapinda. Hizo boriti zilikuwa zinapakiwa kwa majahazi wakati wa kusi hadi Oman, Bahrain na Kuwait, mahali miti ni shida, na huko nako zikaamua upana wa vyumba vya watu. Yaani kuna mtu wa Kuwait amelala kwenye chumba kilichopimwa na msitu wa Lamu. Biashara hiyo iliendelea hadi serikali ya Kenya ilipopiga marufuku kuuza mikoko nje mwaka wa 1982.

Sasa tuingie ndani. Na hapa naomba uelewe "ndani" kwa maana yao, kwa sababu ndani ni jina la chumba. Unaanzia daka, kibaraza cha mlangoni, mahali mgeni wa kawaida anaishia. Kuna sabule, chumba cha wageni. Ndiyo, sebule yako ya Ruaka ni neno hilo hilo. Halafu kiwanda, ua ulio wazi unaoingiza mwanga. Baada yake misana, vyumba vinavyofuatana kimoja nyuma ya kingine, kila kimoja cha siri kuliko cha kwanza. Mwisho kabisa ni ndani, chumba cha mama mwenye nyumba. Na ukuta uliopambwa zaidi nyumba nzima uko huko, mahali ambapo watu wengi hawataufikia.

Ukuta huo ndio wenye zidaka. Kidaka ni kishubaka kilichochongwa kwenye plasta ya chokaa, na vinapangwa safu juu ya safu hadi ukuta mzima unafanana na mzinga wa nyuki mweupe. Kwa kuwa vyumba vinafuatana, unaweza kuviona kwa mbali kutoka uani, na weupe wa chokaa unarudisha ule mwanga kidogo unaofika huko nyuma. Ndani ya kila kidaka kunakaa kitu: kaure ya China, bakuli, kitabu, chupa ya marashi.

Kaure ya China si hadithi ya kujigamba. Manda, hapo jirani ya Lamu, wanaakiolojia wamechimbua vipande vya tangu karne ya 9. Gedi, karibu na Watamu, kuna nyumba waliyoiita ya pesa za Kichina kwa sababu ya sarafu iliyopatikana humo. Mambrui kuna kaburi la mnara lililopachikwa mabakuli ya China. Karne ya 19 sahani za viwandani za Ulaya zikafurika, hata kutoka Maastricht kule Uholanzi, na watu wakazipanga kwenye zidaka bila kuona aibu yoyote. Kwa hivyo ukiambiwa "hii si ya asili", uliza asili ya mwaka gani.

Lakini zile sahani zilikuwa na kazi. Linda Donley, mwanaakiolojia aliyechunguza nyumba za Lamu, aliandika kwamba kaure ilihesabiwa kinga dhidi ya husuda. Ndani ndiko watu walikozaliwa na ndiko maiti alikooshwa, kwa hivyo chumba kilihitaji ulinzi. Pia familia za waungwana zilikuwa na desturi ya kumpa binti nyumba au ghorofa akiolewa. Ndiyo maana utaona wikio, lile daraja la chumba linalovuka kichochoro juu kwa juu, likiunganisha nyumba za ndugu. Ukuta wa zidaka ulikuwa unamwambia bwana harusi na ukoo wake: huyu msichana ana kwao.

Na hapa nitasema kitu kitaudhi watu. Tunacheka kabati ya kioo ya mathe, ile ya vyombo vya wageni ambavyo mgeni hajawahi kuviguza. Tunacheka vitambaa vya kufuma vinavyofuliwa na kurudishwa kwenye viti kila Krismasi. Halafu tunalipa fundi atutobolee zidaka za jipsamu na taa za LED. Nionyeshe tofauti. Mathe naye anaweka mbele ya macho kitu kilichotoka mbali na hakitumiki, ili ujue nyumba hii si ya mchezo. Kwangu kabati ya mathe iko karibu na kidaka kuliko hiyo jipsamu, kwa sababu kila sahani pale ina siku ilipoletwa na aliyeileta.

Kuna sehemu hakuna mtu anaipost. Ile chokaa nyeupe ni matumbawe yaliyokatwa, yakachomwa juu ya rundo la kuni, yakasagika. Nani alibeba? Nani alichoma? Sehemu kubwa ya kazi nzito ilikuwa ya watumwa, na kwenye nyumba nyingi za ghorofa wao ndio waliishi chini, pamoja na stoo. Nafaka iliyolimwa na watumwa bara na pembe za ndovu ndizo zililipia zile sahani. Utumwa haukufutwa kisheria pwani ya Kenya hadi 1907, na hiyo ni juzi tu, babu ya babu yako. Sisemi usipake ukuta mweupe. Nasema ukiandika "maisha rahisi ya zamani" chini ya picha ya zidaka, jiulize rahisi kwa nani.

Halafu milango. Hii ndiyo inaniuma kabisa, kwa sababu bado inaendelea. Mlango wa kuchonga unang'olewa kwenye nyumba ya zamani, unawekewa kioo juu, unakuwa meza ya kahawa kwenye nyumba ya mtu. Lamu imekuwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, lakini orodha hailindi bawaba. Sheria yetu ya makumbusho na urithi ya 2006 inautaja mlango kwa jina: mlango au fremu iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki kabla ya 1946 ni kitu kinacholindwa, na hauwezi kutolewa nchini bila kibali.

Mafundi wa kuchonga bado wako Lamu, wanafanya kazi leo, na mlango mpya kutoka mkononi mwao ni mlango kamili. Agiza huo. Ukikutana na wa zamani mtandaoni, muulize muuzaji ulitoka nyumba gani, mtaa gani, na nani aliuuza. Akianza kuzungukazunguka, achana naye.