Uzamili wa Saikolojia ya Ushauri Nasaha

Uzamili wa saikolojia ya ushauri nasaha ni shahada ya pili ya chuo kikuu inayomwandaa mhitimu kuwahudumia watu wenye matatizo ya kihisia, ya kifamilia, ya masomo au ya kazi. Nchini Marekani husomwa kwa kawaida miaka 2 hadi 3. Programu zinazotambuliwa na CACREP, baraza la ithibati lililoanzishwa mwaka 1981, hudai krediti 60. Masomo yake ni pamoja na maadili, makuzi ya binadamu, tofauti za kitamaduni, ushauri wa vikundi, upimaji na utafiti. Uzito mkubwa, hata hivyo, uko kwenye mafunzo kwa vitendo: kwanza saa 100, angalau 40 zikiwa na wateja, kisha saa 600, angalau 240 zikiwa na wateja. Vikao huweza kurekodiwa kwa ridhaa ya mteja, na msimamizi huvijadili na mwanafunzi kila wiki. Tasnifu si lazima katika vyuo vyote. Shahada pekee haitoi leseni: majimbo hudai pia mtihani na saa za kazi chini ya usimamizi, na cheo cha mwanasaikolojia kwa kawaida huhitaji uzamivu. Nje ya Marekani, Kenya nayo ilitunga sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia mwaka 2014.