Herufi Nzito za Mlazo: Historia Yake na Istilahi Zake

Mtumishi wa ofisi anapomwagiza mpiga chapa kwamba kichwa cha tangazo kiandikwe "kwa herufi kubwa", agizo lake lina maana tatu. Huenda anataka A badala ya a. Huenda anataka herufi zenye kimo kirefu. Na huenda anataka herufi zilizokolea wino. Mpiga chapa hana budi kukisia, na akikisia vibaya, karatasi na wino hupotea bure. Kasoro hii haitokani na umaskini wa Kiswahili. Hutokana na kuchanganya dhana ambazo katika historia ya uchapaji zilizaliwa mbalimbali, kila moja kwa haja yake.

Dhana ya kwanza ni mlazo. Herufi za italiki zilichongwa na Francesco Griffo kwa ajili ya Aldus Manutius, mchapaji wa Venice, ambaye mwaka 1501 alitoa mashairi ya Virgil yakiwa yamepigwa chapa kwa herufi hizo. Ziliiga mwandiko wa haraka wa wasomi wa Italia. Yafaa tukumbuke kwamba hazikubuniwa ili kutilia neno mkazo: zilikuwa herufi za kusomea kitabu kizima. Desturi ya kuzichanganya na herufi za wima, ili kupambanua neno geni au jina la kitabu, ilikuja baadaye. Tena, italiki halisi si herufi ya wima iliyoinamishwa tu. Aghalabu a hupoteza paa lake, na f hushusha mkia chini ya mstari.

Dhana ya pili ni uzito. Mwanzoni mwa karne ya 19, matangazo ya biashara na bahati nasibu yalijaa katika kuta za London, na herufi nyembamba za vitabu hazikuweza kumsimamisha mpita njia. Wachonga herufi, miongoni mwao Robert Thorne, wakanenepesha mistari ya herufi kupita kiasi. Hapo ndipo zilipozaliwa herufi za kutazamwa kwa mbali, tofauti na herufi za kusomwa kwa karibu.

Dhana hizi mbili zilikutana vyema katika kazi ya Oswald Cooper, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1879 na kufanya kazi yake Chicago. Mwaka 1922 kiwanda cha Barnhart Brothers & Spindler kilitoa chapa yake iitwayo Cooper Black, na katika miaka iliyofuata ikapata mwenzi wake wa mlazo. Serifi zake, yaani vikono vinavyomalizia ncha za herufi, zimeviringwa hata zinafanana na wino uliotota karatasini. Matundu ya ndani ya herufi ni madogo, na mikia inayoshuka chini ya mstari ni mifupi, hivyo mistari ya maneno huweza kubanwa pamoja. Watangazaji waliipenda kwa kuwa ilipaza sauti bila ukali. Mwaka 1966 ilionekana katika jalada la sahani ya santuri ya Beach Boys, Pet Sounds.

Sifa hizo hizo zaonyesha mipaka ya matumizi yake. Herufi ya aina hii hufaa kichwa cha habari, jalada au bango. Ikitumiwa katika aya nzima, matundu ya a, e na o huonekana kama yamezibwa, na jicho huchoka. Katika Kiswahili tatizo huzidi, kwa sababu maneno yetu mengi huishia kwa irabu hizo. Aidha, alama ya ng' huweza kumezwa katikati ya herufi nene zilizobanwa, na msomaji akashindwa kupambanua "ng'oa", yaani kutoa kitu ardhini, na "ngoa", yaani wivu au tamaa. Mwenye kusahihisha bango hana budi kuitazama alama hiyo kwanza.

Tukirejea katika istilahi, tunaona kwamba mambo manne yapaswa kutajwa mbalimbali. Umbo la jumla la herufi zote za jamii moja liitwe sura ya chapa, au fonti kama wengi walivyozoea. Kimo kitajwe kwa pointi, ambazo 72 hufanya takriban inchi moja. Unene uitwe uzito. Wapo wanaosema herufi nzito na wapo wanaosema herufi koza, na yote mawili yanaeleweka, mradi mwandishi ashike moja tangu mwanzo hadi mwisho. Mwinamo uitwe mlazo, na jina italiki liachiwe herufi zenye maumbo yake maalumu. Jina "herufi kubwa" libaki kwa A, B na wenzao peke yao, kama shule zinavyofundisha.

Kwa mpango huo, agizo la ofisi litakuwa hivi: "Kichwa kiwe pointi 36, herufi nzito za mlazo, zenye serifi, herufi kubwa mwanzoni mwa kila neno." Agizo hilo ni refu kidogo kuliko lile la kwanza, lakini halimwachii mpiga chapa jambo la kukisia.