Majira ya tufani baharini

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 27, tunasoma jinsi Mtakatifu Paulo alivyopelekwa Roma akiwa mfungwa, yapata mwaka 60. Merkebu ilikuwa katika kisiwa cha Krete, na mfungo wa Wayahudi wa Septemba au Oktoba ulikuwa umekwisha kupita. Paulo akawaonya wasiondoke. Lakini akida wa askari aliwasadiki zaidi nahodha na mwenye merkebu, waliotaka bandari iliyo bora ya kukaa wakati wa baridi. Basi tufani ikawakamata, ikawasukuma siku 14, hata merkebu ikavunjika penye Malta. Kwa rehema ya Mungu watu wote 276 waliokoka.

Watu wa kale waliyajua majira hayo. Vegetius, mwandishi wa Kiroma, aliandika kwamba bahari hufungwa tangu tarehe 11 Novemba hata 10 Machi. Lakini sababu yake hawakuijua.

Sababu ni hii. Tufani za nchi zile huzaliwa mahali ambapo hewa baridi ya kaskazini inakutana na hewa ya joto ya kusini. Nyingi huvuka bahari ya Atlantiki toka magharibi kwenda mashariki. Katika majira ya joto njia yao huwa mbali kaskazini, na Mediterania hutulia. Majira ya baridi yakija, kaskazini hupoa sana. Tofauti ya baridi na joto huzidi, tufani hupata nguvu, na njia yao hushuka kusini. Ndipo nyingine huingia Mediterania, au huzaliwa humo humo.

Tarehe 14 Novemba 1854 tufani ya namna hiyo ilivunja merkebu nyingi za Waingereza na Wafaransa waliokuwa wakipigana na Warusi huko Krimea. Le Verrier, mtaalamu wa nyota wa Paris, alikusanya habari za siku zile toka nchi nyingi, akaona kwamba tufani ilikuwa imepita Ulaya kwanza. Basi habari kwa simu ya waya ingaliweza kuitangulia. Tangu mwaka 1855 Ufaransa ilianza kupanga kazi hiyo.

Leo mabaharia huonywa mapema. Lakini onyo humfaa yule anayelisikia tu. Akida naye alionywa. Ila aliyemwonya alikuwa mfungwa, naye hakumsikiliza. Sisi nasi tuangalie tusimpime mwenye kusema kweli kwa minyororo yake.