Figo, chakula cha kando ya ziwa na mgonjwa wa kitanda cha jirani

Mtu ambaye figo zake zimeshindwa kazi husafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara 3 kwa wiki, takriban saa 4 kila mara. Figo nzima hufanya kazi hiyo usiku na mchana. Kwa hiyo siku zisizo za mashine, maji, chumvi na madini ya potasiamu hujikusanya mwilini. Potasiamu ikizidi sana, moyo unaweza kusimama ghafla. Hatari huwa kubwa zaidi zile siku 2 mfululizo za mwisho wa wiki.

Huku kwetu Kigoma na Ujiji, potasiamu imo katika chakula cha kila siku: ndizi, muhogo, kisamvu, viazi vitamu, maharage. Dagaa wakavu huliwa na mifupa yao, nao huongeza fosforasi. Wakiwa na chumvi, huleta kiu. Lakini mgonjwa wa mashine anahitaji protini, kwa hiyo asiache samaki. Kipande cha mgebuka mbichi, kwa kiasi alichopangiwa, kinamfaa zaidi.

Daktari husema "punguza". Namna ya kupunguza, mara nyingi mgonjwa huipata kwa mwenzake wa kitanda cha jirani. Muhogo umenye, uukate vipande vidogo, uuchemshe kwa maji mengi, umwage maji hayo na kuweka mengine. Potasiamu nyingi huondoka nayo. Maharage usiyatie magadi, na maji uliyoyachemshia uyamwage. Kwenye samaki tia ndimu badala ya chumvi. Asubuhi jaza kwenye chupa maji uliyoruhusiwa kwa siku. Ukinywa chai, uji au supu, mwaga kiasi hichohicho kutoka kwenye chupa. Kiu ikibana, sukutua mdomo uteme.

Kuna pia kukataa sahani msibani au harusini bila kumvunjia mama mkwe heshima. Hilo haliandikwi kwenye karatasi ya hospitali. Aliyelipitia ndiye anayejua la kusema.

Lakini usiige dawa zake wala vipimo vyake. Anayepata mkojo bado huruhusiwa maji mengi kuliko asiyepata kabisa. Naye ambaye hajafika kwenye mashine, kiasi chake cha protini ni kingine.

Misuli ikilegea, moyo ukipiga ovyo au pumzi ikibana, usingoje zamu yako. Nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.