Daftari la .tz liko kwa nani?

Ukiwa Bariadi ukaandika simiyu.go.tz kwenye simu yako, wewe unasoma kutoka kushoto: Simiyu, serikali, Tanzania. Mtandao unasoma kinyume chake. Unaanza na tz, unakuja go, unamalizia na simiyu. Ni kama kumtafuta mtu usiyemjua: kwanza unauliza mkoa, halafu wilaya, halafu kijiji, ndiyo ufike kwake. Kila kituo kina daftari lake, na kila daftari lina mtu anayelishika. Kwa hiyo historia ya majina ya kikoa ni historia ya washika daftari.

Mwanzoni daftari lilikuwa moja tu. Miaka ya 1970, taasisi moja ya utafiti ya Stanford, California, ilitunza orodha ya kompyuta zote za mtandao wa ARPANET, na wengine wote walichukua nakala kwake. Kompyuta zikaongezeka, orodha ikanenepa, nakala zikawa zinapitwa na wakati. Mwaka 1983 Paul Mockapetris akaja na mpango mwingine: daftari ligawanywe, kila eneo litunze la kwake.

Sawa, lakini nani aamue nchi ni ipi na ipi si nchi? Jon Postel, aliyekuwa akisimamia majina hayo, hakutaka ugomvi huo. Akachukua herufi mbili mbili kutoka orodha ya kimataifa ya ISO 3166, ambayo ilikuwepo tayari. Ndiyo maana sisi ni TZ. Kenya ilipata .ke mwaka 1993, na .tz ikaandikishwa Julai 1995. Wakati huo Bariadi ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Shinyanga, na Simiyu lilikuwa jina la mto unaoingia Ziwa Victoria.

Kuandikishwa ni jambo moja, kushika daftari ni jingine. Miaka ya mwanzo kazi hiyo ilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2006 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, pamoja na chama cha watoa huduma za intaneti wakaunda tzNIC, na mwaka 2010 .tz ikakabidhiwa rasmi kwake. Hesabu mwenyewe: miaka 15. Katikati hapo, Julai 2009, mkongo wa baharini wa Seacom ulifika Dar es Salaam. Kabla yake mawasiliano yetu ya intaneti na nje yalitegemea sana satelaiti, kwa bei kubwa na kasi ndogo.

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, makao makuu yakiwa Bariadi. Mkoa mpya unahitaji ofisi, mhuri na siku hizi jina mtandaoni. Hapa ndipo unaona faida ya daftari lenye masharti. Jina linaloishia na .com anaweza kulichukua yeyote, popote duniani, akiwahi. Linaloishia na go.tz ni la serikali peke yake. Mkulima anayesoma tangazo la pamba kwenye go.tz ana sababu ya kuliamini kuliko picha iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp.

Sasa tuje kwako. Simiyu inajulikana kwa pamba, chaki za Maswa na maziwa ya Meatu. Tuseme una bidhaa yako na unataka jina la co.tz. Kumbuka jina la kikoa halinunuliwi likawa lako milele: unalikodi kwa muda, kisha unalipia tena. Shida ni kwamba wengi wanamwachia fundi. Fundi anasajili kwa jina lake na barua pepe yake. Siku akihamia Mwanza na kubadili namba, taarifa ya kulipia inakwenda kwake, wewe huna habari. Muda ukipita, jina linarudi sokoni, huku limeshachapwa kwenye katoni zako zote.

Basi, kabla hujamlipa fundi, muulize mambo matatu: limesajiliwa kwa jina la nani, taarifa zinaingia barua pepe ya nani, na muda unaisha lini? Tanzania ilichukua miaka 15 kulipanga daftari lake. Wewe itakuchukua dakika chache.