AJALI NA KINGA: FUNZO LA TONGONI JUU YA DHAMANA YA MHANDISI

Utangulizi

Katika mazishi mengi tunayoyaongoza husikika kauli mbili. Ya kwanza ni methali, kwamba ajali haina kinga. Ya pili ni neno la faraja, kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Kauli hizi zina mahali pake, wala hatukusudii kuziondoa vinywani mwa wafiwa. Lakini meli inapopinduka, au jengo linapoporomoka juu ya watu, kauli hizo hizo huweza kumtwika Mungu mzigo usio wake na kumtua mwanadamu mzigo ulio wake. Katika makala haya tunauliza, kwa njia ya historia, mhandisi anadaiwa nini na watu waliokabidhi maisha yao kwa kazi yake. Tutaanzia Tongoni, mahali padogo katika pwani ya Tanga, kwa kuwa pale mambo mawili yahusuyo swali hili yanaonekana wazi.

1. Boriti na ukelele

Tongoni iko kusini mwa mji wa Tanga, kando ya njia iendayo Pangani. Jina lenyewe hutokana na neno tongo, yaani mahali palipohamwa. Pana gofu la msikiti na makaburi yapatayo 40, mengi yakiwa ya karne ya 15, na baadhi yake ni yale ya nguzo ambayo ni sifa ya pwani yetu. Nguzo nyingi zimekwisha kuanguka.

Waashi wa pwani wa zama hizo walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, wakaezeka dari nzito juu ya boriti za mikoko. Wataalamu wa magofu wameona kwamba vyumba vya nyumba za mawe katika pwani hii ni vyembamba, mara nyingi havifiki upana wa mita 3. Sababu yake ni boriti. Mti wa mkoko una urefu ambao ukizidishwa hauwezi tena kubeba mawe na chokaa bila kupinda. Kwa hiyo upana wa chumba ulifuata nguvu ya boriti, wala haukufuata tamaa ya mwenye nyumba. Aliyetaka nafasi zaidi aliongeza chumba cha pili, au aliweka nguzo katikati. Waashi hao hawakuwa na bodi ya kuwasajili, lakini walikuwa na mpaka, na mpaka huo uliheshimiwa na tajiri na fundi pamoja.

Jambo la pili lilitokea baharini, mbele ya pwani hiyo hiyo. Mapema Aprili 1498 merikebu za Vasco da Gama zilikuwa zikielekea Mombasa. Kabla ya mapambazuko, merikebu iitwayo São Rafael ilikwama juu ya fungu. Habari za safari hiyo, zilizoandikwa na mmoja wa waliokuwamo, zinasema kwamba mara ilipogusa chini, watu wake walipiga ukelele kuzionya merikebu zilizokuwa nyuma, nazo zikatia nanga upesi. Maji yalipojaa São Rafael ikaelea tena, na wenyeji walikuja kwa mitumbwi wakileta machungwa. Mwezi Januari 1499, katika safari ya kurudi, Wareno waliiteketeza merikebu hiyo mahali hapo, maana ugonjwa ulikuwa umeua mabaharia wengi hata hawakutosha kuendesha merikebu tatu. Kijiji cha jirani mwandishi huyo amekiita Tamugata, ambacho ni Mtangata yetu.

Hatuyasemi haya kumsifu da Gama. Yaliyoifuata safari yake katika miji ya pwani yanajulikana. Tunachokitazama ni tendo la wale mabaharia gizani. Wao walikuwa wamekwisha kukwama, na ukelele wao ndio uliowakinga waliokuwa nyuma. Basi Tongoni inatupa wajibu wa aina mbili: kutopita mpaka wa kile kinachobeba uzito, na kupaza sauti mara hatari inapojulikana.

2. Daraja la Quebec

Ulimwengu wa uhandisi wa kisasa ulijifunza wajibu huo huo kwa gharama kubwa. Katika mwanzo wa karne ya 20 daraja la chuma lilikuwa likijengwa juu ya mto Saint Lawrence, karibu na mji wa Quebec, nchini Kanada. Mhandisi mshauri, Theodore Cooper, mtu mwenye sifa nyingi, alikuwa ameongeza nafasi kati ya nguzo kuu kutoka futi 1,600 hadi futi 1,800. Uzito wa daraja lenyewe, ulioongezeka kwa badiliko hilo, haukuhesabiwa upya kwa wakati. Boriti ilirefushwa bila kuulizwa kama itabeba.

Katika Agosti 1907 vyuma vya chini vilionekana vikipinda. Mhandisi kijana, Norman McLure, alisafiri hadi New York kumweleza Cooper. Cooper alipeleka simu ya maandishi kwenye ofisi za kampuni ya ujenzi, Phoenixville huko Marekani, akiagiza uzito usiongezwe tena. Onyo hilo halikufika darajani kwa wakati. Jioni ya tarehe 29 Agosti 1907 daraja likaanguka, na wafanyakazi 75 wakafa. Ukelele ulipigwa, lakini ulipigwa mbali na wale waliokuwa juu ya chuma.

Tukilitazama tukio hili pamoja na historia ya maadili ya wahandisi, tunaona badiliko lililochukua muda mrefu. Chama cha wahandisi wa ujenzi cha Marekani kilipopitisha kanuni zake za maadili mwaka 1914, mkazo ulikuwa juu ya uaminifu wa mhandisi kwa mwajiri wake na heshima kwa wenzake. Ni katika miaka ya 1970 tu ambapo usalama, afya na ustawi wa umma viliwekwa juu ya yote. Kwa maneno mengine, ilichukua zaidi ya nusu karne kukubali kwa maandishi kwamba yule apitaye juu ya daraja, ambaye hakulipa ada wala kutia sahihi mkataba wo wote, ndiye mwenye haki ya kwanza.

3. Misiba ya kwetu

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, mali ya Shirika la Reli Tanzania, ilipinduka karibu na Mwanza ikitoka Bukoba kupitia Kemondo. Ilikuwa na uwezo wa kuchukua abiria 430. Orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na majina 443, na abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Mamia ya watu walikufa. Hesabu nyingi huzidi 800. Rais Benjamin Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo, na tume iliundwa chini ya Jaji Robert Kisanga. Wengi wetu twakumbuka pia lile tendo la kutoboa ubavu wa meli ili kuwatoa waliokuwa hai ndani. Nia ilikuwa njema. Lakini hewa iliyokuwa imenaswa ndani ndiyo iliyoishika meli juu ya maji; ilipotoka, meli ikazama. Huruma isiyouliza elimu ilishindwa kuokoa.

Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, katika bahari ile ile ambayo Tongoni inaitazama. Nayo ilikuwa imebeba watu kupita kiasi mno. Na tarehe 29 Machi 2013, asubuhi ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka likaua watu 36. Ilielezwa kwamba ghorofa zilikuwa zimezidi zile zilizopewa kibali. Miongoni mwa walioshtakiwa walikuwamo wahandisi na maofisa wa manispaa.

Katika matukio haya yote swali la boriti linarudi. Meli ina kiasi cha watu, na nguzo ya zege ina kiasi cha ghorofa. Kiasi hicho hupatikana kwa hesabu, na kuna mtu aliyefundishwa kukijua kwa niaba yetu. Abiria aliyekuwa gatini Kemondo hakuwa na njia ya kupima msawazo wa meli. Watoto wa mtaa wa Indira Gandhi hawakuweza kujua uimara wa zege lililokuwa juu yao. Wasiojua wanapomtegemea anayejua, ujuzi wake hugeuka kuwa deni.

4. Nani apige ukelele?

Hapa hatuna budi kuwa waadilifu kwa wahandisi wenyewe. Mabaharia wa São Rafael walipiga ukelele bila kupoteza cho chote. Mhandisi wa leo anayesema kwamba kazi isimame huweza kupoteza ajira, na nafasi yake ikapewa mwingine aliye tayari kutia sahihi. Tanzania ilitunga Sheria ya Usajili wa Wahandisi mwaka 1997, na Bodi ya Usajili wa Wahandisi inayo mamlaka ya kumfutia usajili anayekiuka maadili. Hiyo ni kinga, na ni kinga njema. Lakini sheria humkuta mkosaji kwa urahisi zaidi kuliko inavyomlinda mwonyaji.

Mapokeo yetu hayako kimya juu ya jambo hili. Kumbukumbu la Torati 22:8 inamtaka mjenzi wa nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari, asije akawa na hatia ya damu mtu akianguka. Yaani Torati haikubali kwamba ajali hiyo haina kinga; inaitaja kinga yenyewe na kumwagiza mwenye nyumba aijenge. Ezekieli 33 inamweka mlinzi chini ya hukumu ile ile: akiona upanga unakuja naye asipige tarumbeta, damu itatakwa mkononi mwake. Naye Martin Luther, katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, anaieleza amri ya tano kwa namna isiyomwachia mwenye ujuzi mahali pa kujificha. Huivunja amri hiyo hata yule awezaye kuzuia madhara ya jirani yake asiyazuie, ingawa mkono wake haukumgusa mtu.

Bwana wetu naye alitaja mnara wa Siloamu, ulioua watu 18 (Luka 13:4). Alikataa kwamba waliokufa walikuwa wakosaji kupita wengine. Yatupasa tulikumbuke neno hilo tunaposikia watu wakiwalaumu marehemu kwa kupanda chombo kilichojaa.

Hitimisho

Je, haya yanamhusu mchungaji kwa namna gani? Kwanza, katika mahubiri ya mazishi. Tunaweza kuwafariji wafiwa kwa tumaini la ufufuo bila kusema kwamba Mungu ndiye aliyezidisha abiria. Mfiwa anayo haki ya kuomboleza na pia kuuliza.

Pili, katika ushirika. Wahandisi na mafundi wamo miongoni mwa washarika wetu. Anayekataa kutia sahihi mchoro mbovu, akafukuzwa kazi, asikute kanisa limenyamaza. Apate kwetu sala, ushauri, na watu wa kusimama naye.

Tatu, na hili ni zito kuliko yote, katika majengo yetu wenyewe. Sharika nyingi hujenga kwa michango, kidogo kidogo, kwa miaka mingi. Kamati hubadilika, na michoro hupotea. Waumini wakiongezeka, huongezwa roshani ya kwaya juu ya nguzo ambazo hazikukusudiwa kubeba roshani. Mabweni ya shule zetu huongezwa vitanda, na mabasi ya kwaya huongezwa abiria. Mara nyingi mwenyekiti wa kikao kinachoamua mambo hayo ni mchungaji. Kabla ya kupitisha azimio, na aulize ni nani aliyepima nguzo, na kama jibu ni kwamba hakuna, kazi isimame mpaka mhandisi aliyesajiliwa aitwe. Gharama yake ni ndogo kuliko ibada moja ya mazishi ya watoto, na mwashi wa Tongoni angeielewa sababu yake.